Binamu, kabla hujavaa skafu ya Collingwood

Binamu,

Salaam huko Melbourne. Umeniandikia kwamba wenzako kazini wameshakufanya shabiki wa Collingwood kabla hata hujajua huo mpira wao wa yai, futiboli ya Kiaustralia, unachezwaje, na unauliza ni timu gani hii inayopendwa na kuchukiwa kiasi hicho. Nakujibu hadharani, maana najua hauko peke yako.

Anzia mtaani. Pita Smith Street: upande mmoja Fitzroy, kilimani, upande wa pili Collingwood, bondeni. Zamani Melbourne haikuwa na mabomba ya majitaka, nyumba za kwanza ziliunganishwa 1897, kwa hiyo uchafu wa Fitzroy uliteremkia kwa jirani. Huko bondeni ndiko kulikojaa viwanda vya viatu, ngozi na bia, na watu wa kipato cha kubahatisha. Halafu hao hao wa kilimani wana klabu kubwa tangu 1883, na nyie mna Britannia, katimu tu. Nani angevumilia?

Hawakuvumilia. Februari 1892 klabu ikazaliwa, mbunge wao Beazley akawa rais wake. Tarehe 7 Mei wakacheza mechi ya kwanza nyumbani, Victoria Park, dhidi ya klabu ya Carlton. Wakafungwa, lakini uwanja ulifurika. Na hali ilikuwa ngumu kweli: bei za ardhi zilikuwa zimeporomoka, na mwaka uliofuata benki zikafunga milango moja baada ya nyingine. Kiingilio sijui walikitoa wapi!

Kufumba na kufumbua, 1896, wakalingana kileleni mwa ligi ya wakati huo, VFA, na klabu ya South Melbourne. Ikapangwa mechi ya kuamua bingwa, tarehe 3 Oktoba. Siku hizo mpira uliopita kando ya nguzo za goli uliandikwa tu, haukuhesabiwa. Kilichotazamwa ni magoli. Collingwood 6, South 5.

Wenzako watakusimulia hadi hapo. Mimi nina neno. Siku moja kabla ya mechi hiyo, viongozi wa klabu kubwa walikutana kujitenga na kuanzisha ligi yao mpya, VFL, kwa kuwa walichoka kubeba klabu dhaifu zisizoingiza watazamaji. Collingwood nao walikuwamo. Klabu ya miaka minne! Juzi walikuwa wanapiga hodi, leo wanafunga mlango. Walioachwa nje ni Footscray, North Melbourne, Port Melbourne, Richmond na Williamstown, na wengi wao walikuwa mitaa ya wafanyakazi vilevile.

Basi vaa skafu yako nyeusi na nyeupe, itakupendeza. Ila wakianza kukutambia 1896, waulize Footscray waliingia lini kwenye ligi hiyo. Ni 1925, na wakati huo walishakuwa mabingwa wa ligi ya zamani mara tatu mfululizo, 1898 hadi 1900.

Msalimie shemeji.