Kausha damu imenipandishia sukari

Mhariri, salaam. Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina sukari mwaka wa sita sasa, naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo kliniki hawatuulizi kabisa.

Mnakumbuka 2024 serikali ilivyofunga ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sipingi, ziwa lilikuwa limechoka kweli na tuliporudi dagaa walionekana. Lakini miezi mitatu mtu huna mzigo, watoto wanakula, mimi nikaingia kwenye mikopo hii tunayoiita kausha damu, marejesho kila Jumatatu saa nne, ukichelewa wanakuja kukaa mlangoni kwako majirani wote wanaona.

Sasa hapo ndo sukari ikaanza vituko. Nakula vilevile, ugali kidogo na kisamvu, soda niliacha zamani, dawa yangu ya sukari, metfomini, nameza asubuhi na jioni, lakini kliniki kila nikipimwa iko juu. Nesi akanitolea macho mbele ya watu, "mama wewe unakula vitamu kwa siri". Mimi! Nilirudi nyumbani nimenuna, shangazi naye akaniambia kuna mtu kanitupia kitu kwa sababu ya biashara, yani kila mtu na lake.

Binti yangu yuko fomu foo, yeye ndo ananipima na mashine asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, alafu anaandika kwenye daftari langu lile lile la madeni ya dagaa, upande huu nani anadaiwa sado ngapi upande ule sukari ya mama. Siku moja anageuza kurasa akaniambia mama njoo uone. Jumapili 7.4, Jumatatu 11.8. Wiki nyingine Jumamosi 7.9, Jumatatu 12.3. Karibu kila Jumatatu inaruka, na Jumapili usiku ndo silali, nageuka tu kitandani napiga hesabu za watu.

Nikalipeleka daftari kwa daktari mmoja, huyo hakunigombeza, akalisoma kisha akanieleza. Juu ya figo kuna tezi mbili zimekaa kama kofia, ukishtuka au ukiwa na hofu zinamwaga homoni, adrenalini na kotisoli. Adrenalini inaliambia ini lifungue ghala lake la sukari haraka haraka, kotisoli inaliambia litengeneze nyingine hata kama hujala, na wakati huohuo insulini, ile homoni inayoshusha sukari, inakuwa haina nguvu kama kawaida. Mwili unadhani unakaribia kukimbia mamba, kwa hiyo unakuandalia nguvu za miguu. Sasa mimi mamba wangu ni kijana wa marejesho, simkimbii, nimekaa kwenye mkeka namsubiri, hiyo sukari itaenda wapi? Inabaki kwenye damu. Wanasema mikopo hii inakausha damu, yangu haikukauka, ilitiwa sukari.

Na akasema kotisoli hata kwa mtu mzima wa afya huwa inapanda alfajiri, inasaidia kutuamsha, hivyo ukichanganya na usiku wa kutolala asubuhi mashine inakusomea makubwa. Ikiendelea miezi na miezi presha nayo inapanda, tumbo linajaa mafuta, vidonda vinachelewa kupona. Siyo kwamba stresi ndo kila kitu, dawa sijaacha na wala nisisikie mtu anasema mama wa Kibirizi kasema tuache dawa.

Jambo jingine, na hili linaniuma zaidi. Jirani yangu anayeuza samaki wa migebuka anaumwa magoti, alikuwa ananunua vidonge vya prednisolone duka la dawa bila cheti chochote, mwaka mzima anameza kama karanga. Uso ukawa duara, sisi tunamsifia umenawiri shoga, kumbe dawa hizo na dexamethasone, ambayo wasichana wanameza wanenepe, ni ndugu wa hiyo hiyo kotisoli, tena unaimeza kwa wingi. Kupima, sukari 16. Na usije ukasoma hapa ukaziacha ghafla, ukizizoea muda mrefu zile tezi zinalala, ukikatisha siku moja unaweza kuanguka vibaya, daktari ndo anazipunguza kidogo kidogo.

Ombi langu kwa manesi wa kliniki za sukari, kabla hamjatusema mbele za watu tuulizeni maswali mawili tu, unalala? na unameza dawa gani nyingine? Na wenzangu wenye mashine, andikeni namba na siku, maana kichwa hakikumbuki, daftari linakumbuka.

Mimi nimehamishia marejesho Alhamisi siku ya mauzo mazuri, na Jumapili jioni natembea ufukweni mpaka giza liingie ndo narudi, miguu itumie hiyo sukari ya mamba. Jumatatu hii 8.1. Marejesho yamebaki mawili.

Mama wa dagaa,
Kibirizi, Kigoma