Mwanafunzi wa utabibu asiachwe peke yake na mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie wanafunzi wa utabibu wanaopelekwa kwenye vituo vya afya kwa mafunzo ya vitendo. Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu, aliyekuwa na malaria, katika kituo kimoja. Kijana mwenye koti jeupe, bila beji, alimtafuta mshipa mara tatu kwenye mkono ambao tayari ulikuwa umevimba. Jasho lilimtoka. Simlaumu hata kidogo, kwani hakuwa na wa kumwelekeza. Msimamizi wake alikuja mchana, akatia sahihi daftari la mazoezi bila kuuliza lolote.

Stashahada ya utabibu hapa Uganda ni ya miaka 3. Akihitimu, kijana huyo huyo anaweza kukabidhiwa kituo cha afya cha ngazi ya 3, ambako kwa kawaida hakuna daktari. Asiposahihishwa sasa, atasahihishwa na nani huko?

Vyuo vinawadai wanafunzi nidhamu, mahudhurio na mavazi nadhifu, na ni haki yao kudai. Lakini kanuni zimbane na msimamizi pia. Naiomba Wizara ya Afya, pamoja na baraza linalosajili matabibu, iagize kwamba sahihi itiwe siku ile ile na aliyeshuhudia kazi kwa macho yake. Mwanafunzi avae beji inayomtambulisha, na mgonjwa au mzazi aombwe ridhaa kwanza, kwa lugha anayoielewa.

Mzazi,
Tororo