Mwalimu, Mbita si mwisho wa dunia

Mpendwa Mwalimu,

Bwana asifiwe sana. Barua yako nimeipata na kuisoma nikiwa nimesimama mlangoni, hata mkoba sijautua. Kwanza, hongera! Unaniandikia kama mtu aliyefiwa, kumbe umepandishwa cheo. Unaibu mkuu wa shule ni jambo kubwa, hata kama shule yenyewe iko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na si hapo Lanet, Nakuru, ulikozoea.

Unasema umeomba, umefunga, na bado huwezi kuitikia mpaka Mungu akupe ishara. Hapo nitakupinga kidogo. Habari za Ibrahimu sitakueleza, umezihubiri mwenyewe kwenye ushirika wa akina mama. Lakini soma tena Yoshua sura ya 3, polepole. Mto Yordani ulikuwa umefurika hadi kingo zake, maana ulikuwa wakati wa mavuno, na maji hayakusimama mpaka makuhani waliobeba sanduku la agano walipoyakanyaga. Ishara iliwakuta miguu imeshalowa. Na kuna jambo jingine pale ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: watu waliagizwa wakae nyuma ya sanduku kwa dhiraa 2000 hivi, karibu kilomita nzima, wapate kuijua njia, kwa kuwa hawakuwa wameipita kabla. Mungu hakuwaambia wafumbe macho. Kwa hiyo nawe tazama, ulizia, piga hesabu zako, lakini uwe unatembea.

Usidhani kila kipya mimi nakipokea kwa haleluya. Nakaa Kisumu, kando ya ziwa hilo hilo, na lina magugu maji. Yana maua ya zambarau ya kupendeza, asili yake Amerika Kusini, na yaliingia ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980. Upepo ukiyasukuma upande wetu, wavuvi wa hapa Dunga hubaki ufuoni wakiyatazama. Kwa hiyo huyo nabii anayetaka upande mbegu, yaani umtumie pesa kwa simu, ndipo akufunulie mapenzi ya Mungu juu ya Mbita, tafadhali, achana naye. Mapenzi ya Mungu hayana nambari ya kulipia.

Nikuambie yaliyonipata mimi nilipohamia huku. Jumapili ya kwanza ibada yote ilikuwa kwa Kijaluo, nami nimekaa kama mzigo uliosahaulika stejini. Wakaanzisha wimbo. Maneno sikuyajua, lakini sauti nilikuwa naijua tangu utotoni. Mama aliyekaa kando yangu akasogeza kitabu chake katikati yetu, akawa ananifuatishia mistari kwa kidole. Kwenye ukucha wake palikuwa na gamba la ngege lililokauka; samaki ndiyo kazi yake. Nikaimba kwa Kiswahili, yeye kwa Kijaluo, na hakuna aliyetugeukia. Jioni akaja kwangu na omena, dagaa wa ziwani, kwenye mfuko wa karatasi, akanionyesha kuiosha kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, halafu kuikaanga kavu kwanza kabla ya kitunguu na nyanya. Najua unacheka, wewe na omena! Utaila tu.

Sasa, Mwalimu, yule mama sikuwahi kumwomba kwa Mungu. Ningemwombaje na sikujua kwamba yupo? Ndiyo maana ukiniandikia kwamba huoni msaada wowote upande ule, nashangaa. Utauonaje ukiwa Nakuru?

Habari ya ugonjwa wa mama yako sitaisemea. Hiyo ni yako na ndugu zako, mkae chini muizungumze, na mkiona ubaki, baki kwa amani, Mungu hatakununia. Lakini joto, lugha, na “watu nisiowajua”, hizo usiniletee. Watoto wa darasa la kwanza hukujia kila Januari huwajui hata mmoja, na hujawahi kufunga na kuomba juu yao.

Njoo kabla shule hazijafunguliwa. Panda gari la asubuhi, upitie Kericho na Ahero, ulale kwangu. Kesho yake tutapita Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita, tukaione shule na tuulizie nyumba ya kupanga. Kuna kivuko pia kutoka Luanda Kotieno, ila kwa jinsi nikujuavyo na maji, tuanze na barabara. Siku ukishazoea utawapeleka wanafunzi kisiwani Rusinga, hapo jirani tu, waone kaburi la Tom Mboya.

Chandarua usikose, malaria ya huku haiulizi mtu ameokoka mwaka gani. Sweta ziache, isipokuwa moja ya kupitia Kericho. Na kama utapata nafasi kwenye gari, niletee viazi vya Molo, hata debe moja. Niambie siku utakayosafiri nije nikupokee stejini.

Wako katika Kristo,
Dada yako wa Kisumu