Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wishboni, Tuunde au Tununue?

Ndugu wanachama,

Mambo mengi ya klabu yetu ya kujijengea magari yamekwenda shwari mwaka huu, kwa hiyo sitayarefusha. Hesabu mtazipata kwa mweka hazina, karakana yetu hapa Leicester bado tunayo kwa kodi ileile, na kuna magari ya wanachama yaliyopita ukaguzi wa IVA, ule wa Uingereza wa kuidhinisha gari moja moja, na sasa yana namba za barabarani. Kilichotukesheza kwenye vikao ni wishboni, ile mikono ya chuma yenye umbo la V, mmoja juu na mmoja chini, inayounganisha gurudumu na fremu ya gari: tuziunde wenyewe au tununue?

Kalibu yetu, ule ubao mnene wenye vyuma vya kushikia mabomba, ilitengenezwa enzi za Ford Escort. Waliotutangulia walijenga Locost, gari dogo la wazi la kujijengea kwa bei nafuu, kwa injini na ekseli ya Escort, na mbele wakafunga nako (vile vyuma vya wima vinavyobeba gurudumu) za Ford Cortina. Leo Escort ya zamani ni mali ya wakusanyaji, hakuna anayethubutu kuichinja, yaani kuifungua ili achukue vipuri vyake. Wanachama wapya wanakuja na Mazda MX-5 zilizoliwa na kutu, au Ford Sierra. Sierra ilitoka kiwandani bila mkono wa juu; shokapu yenyewe ndiyo inayosimamisha nako. Ukitaka kuifunga wishboni mbili, lazima uchongeshe kipande cha chuma kinachoingia kwenye tundu la shokapu ili kishike boljointi ya juu. Kila gari la kuchinja lina vipimo vyake, na kalibu ya Escort haiwasaidii hawa. Ndiyo maana wengine walidai tuitupe na kila mtu anunue.

Msimamo wangu niliusema kikaoni na naurudia hapa: ya juu unda ukipenda, ya chini nunua, isipokuwa kama kuchomelea ndiyo kazi yako. Kwenye magari yetu shokapu na springi hukaa juu ya mkono wa chini. Kila shimo la barabarani linaukandamiza katikati, na breki nazo zinauvuta kwenda nyuma. Mkono wa juu kazi yake kubwa ni kuliweka gurudumu kwenye pembe yake gari linapolala kwenye kona, na ndiyo sababu huwa mfupi kuliko wa chini. Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, aliona mzigo wake ni mdogo kiasi kwamba kwenye Lotus Seven ya 1957 aliifanya fimbo ya kuzuia gari kulala iwe pia mguu mmoja wa mkono huo. Ujanja wa mtu bahili, lakini ulifanya kazi.

Anayeunda ajue kwamba kukata bomba ni sehemu rahisi. Joto ndilo linaloharibu. Ukichomelea upande mmoja hadi mwisho, bomba linavutwa, na ukilitoa kwenye kalibu likiwa la moto linajikunja mbele ya macho yako. Shika kwa nukta ndogondogo za kuchomelea kwanza, badilisha pande, kisha acha lipoe palepale lilipofungwa. Kikombe cha bushi, yaani bomba fupi la mwisho wa mkono linaloshika bushi, nacho hubanwa na joto kikapoteza uviringo. Weka chuma cha duara ndani unapochomelea, na usithubutu kuchomelea bushi ya mpira ikiwa tayari imo. Mwenzetu mmoja aliyeanzia jua kali ya Kamukunji, Nairobi, amekuwa akiwafundisha vijana haya yote Jumamosi, na mishono yake ndiyo ninayoipima mingine kwayo.

Kununua pia kuna mitego yake. Seti moja iliyoletwa karakana mwaka huu, muuzaji simtaji, ilikuwa inang'aa kwa kromu, na bomba la ndani la bushi lilikuwa fupi kuliko kikombe chake. Ukikaza bolti, badala ya kulibana lile bomba la ndani, unabana kikombe, na mkono unagoma kucheza. Kromu yenyewe siipendi hata kidogo: wakati wa kuipaka, haidrojeni hupenya ndani ya chuma na inaweza kukifanya kivunjike ghafla. Rangi ya kawaida, nyembamba, hukuonyesha ufa ukianza.

Kuhusu bei, atakayeunda gari moja tu asitegemee kuokoa pesa nyingi. Jumlisha bomba lisilo na mshono, gesi, bushi, boljointi na vipande vilivyoharibika, kisha linganisha. Anayeunda aunde kwa sababu anataka kuunda.

Kamati imekubaliana hivi: kalibu haitupwi. Tutatoboa ubao mpya wa MX-5 kutokana na vipimo vya gari la mwanachama wetu lililokwisha kupita ukaguzi, na wa Sierra utafuata fedha zikiruhusu. Wishboni yoyote iliyoundwa karakana itakaguliwa na mwanachama mwingine kabla ya kupakwa rangi. Na mkifunga bushi za mpira uliogandishwa kwenye chuma, bolti zikazwe gari likiwa chini kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira utakaa umesokotwa hadi uchanike. Mkaguzi wa IVA ataangalia pia ncha za vyuma vilivyo nje, na kwenye magari ya aina yetu wishboni za mbele ziko nje kabisa, kwa hiyo fungeni vifuniko vya nati mapema.

Nafasi ya katibu iko wazi, maana aliyepo anahama. Majina apewe mweka hazina kabla ya mkutano mkuu. Ufunguo wa karakana ninao mimi kwa sasa, na anayehitaji kalibu alete gesi yake.

Mwenyekiti