Utamaduni si mavazi na ngoma tu

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala mliyochapisha kuhusu kuhifadhi utamaduni. Makala hiyo ilitaja mavazi, vyakula na ngoma, ikaishia hapo, kana kwamba utamaduni ni kile tu kinachoonekana siku ya sherehe. Hivyo ni sehemu ya utamaduni, sikatai, lakini ndiyo sehemu iliyo rahisi kupigwa picha.

Chini yake kuna lugha, imani, maadili, taratibu za ndoa na mazishi, namna ya kuwalea watoto na kugawa urithi, na maarifa ya kusoma majira na kutambua mimea ya dawa. Mkataba wa mwaka 2003 wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika unataja mapokeo simulizi, desturi za kijamii, ujuzi wa kazi za mikono na maarifa juu ya maumbile, na unaitambua lugha kuwa chombo kinachobeba urithi huo. Vazi lililopotea linaweza kushonwa upya kwa kutazama picha ya zamani. Lugha ikimfia msemaji wake wa mwisho bila kurekodiwa, huondoka na methali, majina ya mimea na sala ambazo hakuna fundi awezaye kuzirudisha.

Kwa hiyo napendekeza shule ziwape wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee wao kwa lugha ya nyumbani na kurekodi mazungumzo hayo, nalo gazeti lenu litenge safu ya kila wiki ya kuyachapisha.

Msomaji wenu