Barua ya wazi kwa Waziri: Tepu za Radio Tanzania zisikike tena

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia juu ya tepu zilizorekodiwa enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo leo zimo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania.

Sauti ya Dar es Salaam, iliyokuja kuwa Radio Tanzania, ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1974, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 watu wa huku walilijua taifa lao kwa masikio. Mkulima wa Newala na mvuvi wa Ukerewe walisikia taarifa ya habari ileile, kwa Kiswahili kilekile, saa ileile. Aliyeishi wakati huo anakumbuka betri zikianikwa juani juu ya bati, ili zipate nguvu ya kufika walau kwenye matangazo ya vifo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walijadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo.

Muziki nao ulipita mlango huohuo. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, studio ya redio ndiyo iliyokuwa kimbilio la bendi kama NUTA Jazz na Mlimani Park. Bendi iliingia nzima, magita na tarumbeta, ikapiga wimbo kwa mkupuo mmoja. Akiteleza mmoja, wote wanarudia. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazikutoka kamwe kwenye santuri, na nakala yake ya asili ni tepu.

Tepu, Mheshimiwa, haisubiri bajeti. Unga wa sumaku unaobeba sauti umeshikwa na gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu, ambao pwani haukosekani. Ikishalainika, tepu hunata kwenye kichwa cha mashine, unga hubanduka, na sauti huondoka nao. Mashine zenyewe zimeadimika, na mafundi waliozizoea wanastaafu.

Juhudi za kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali zimewahi kufanywa, nami nazishukuru. Ombi langu ni kwamba kazi hiyo ipewe fungu lake la kila mwaka, na isiishie kwenye nyimbo za dansi, ambazo (tuseme ukweli) zina wateja. Ngonjera, hadithi za watoto na mazungumzo ya wazee hayana mnunuzi, na ndiyo yatakayoachwa mwisho yakioza. Warithi wa wanamuziki walipwe haki zao kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na redio za jamii ziruhusiwe kurusha hazina hii. Kanda za video za miaka ya 1990 zisisahauliwe pia, maana hizo nazo ni za sumaku na huharibika vilevile, na pia hufutika zikirekodiwa upya.

Hata kabla sauti hazijahamishwa, naomba orodha ya tepu zote ichapishwe, ili mjukuu anayemtafuta babu yake aliyepiga tarumbeta ajue aanzie rafu ipi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msikilizaji wa miaka mingi