Mhariri, tuchapishieni saa za maji kupwa kabla ya sikukuu

Mhariri, Asalaam aleikum. Naandika kuhusu feri ya Likoni, hii inayotuvusha kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda pwani ya kusini, na kabla hujaitupa hii barua ukisema ah, mwingine tena na foleni, ngoja kwanza, sikuja kulia, nataka kitu kimoja kidogo tu ambacho nyinyi mnaweza kukifanya kwa nusu safu ya gazeti.

Idd ndogo iliyopita tuliswali hapa Kisauni, watoto wakapigwa picha na nguo zao, mke wangu akafunga sufuria ya biriani kwa leso tukaingia garini, safari ya Msambweni kwa mamkwe. Mimi nilikuwa najiona mjanja, nikasema watu bado wako kwa mkono wa Idd na kahawa, sisi tutapita fasta. Kufika Nyerere Avenue saa nne kasoro, foleni hiyo, hata feri yenyewe huioni. Likoni hakuna cha buking wala kushikiwa nafasi, gari ni la kwanza kufika la kwanza kuvuka, kwa hivyo nikazima injini nikakaa. Kilichonishangaza si wingi wa magari, ni vile yalikuwa yanaingia. Feri inafika, alafu kushusha peke yake ni hadithi, magari yanatoka moja moja kama mzee anayepanda ngazi, lori moja likakwama kidogo watu wakapiga kelele rudi rudi, na kupakia pia hivyo hivyo. Kijana wa madafu akaniona navuta pumzi akacheka, "Babangu leo bamvua, maji yamekupwa mpaka chini, hapa ngoja yajae."

Wallahi niliona haya. Mimi mtoto wa pwani, babu yangu alikuwa mvuvi, naambiwa habari ya maji na muuza madafu! Kwa sababu ukifikiria ni jambo la wazi kabisa, Idd ndogo ni mwezi kuandama, na mwezi ukiandama ndio bamvua, yaani maji hujaa sana na kukupwa sana, na bamvua kwetu hapa Mombasa maji hukupwa sana kuanzia kama saa nne saa tano asubuhi. Yaani kila mwaka, kila Idd ndogo, wakati ule ule tumemaliza kuswali na kunywa chai tunatoka na magari kwenda ng'ambo, ndio maji yako chini, rampu imeinama vibaya, magari mazito na yale ya chini chini yanakwaruza, na kila feri inachukua muda mrefu kuliko kawaida. Alafu tunasema feri siku hizi zimekuwa polepole. Si feri, ni sisi tunaenda na saa ya ukutani na feri inaenda na saa ya bahari.

Tulivuka karibu saa saba. Biriani ilianza kuliwa pale pale kwa foleni, watoto wana makosa gani. Na tulipofika Msambweni tukamkuta shemeji yangu ameshakula amelala, yeye gari aliliacha mjini kwa rafiki, akavuka kwa miguu, mtu wa miguu halipi kitu, akashika matatu ng'ambo ya Likoni mpaka Ukunda na nyingine mpaka nyumbani. Ana mtoto mmoja na mfuko mmoja, lakini hata hivyo.

Krismasi ni mambo mengine kidogo, haifuati mwezi, mwaka huu inaweza kuangukia bamvua mwaka ujao maji mafu, yale yasiyojaa wala kukupwa sana, na hapo ndio hauwezi kubahatisha bila kuangalia. Tena Desemba kuna ndugu zetu wa bara, wametoka Nairobi usiku kucha, wanataka Diani, na simu inawaambia nyoosha mpaka Likoni wananyoosha. Hawa ningependa waambiwe wakiwa bado Mariakani, kwa sababu pale Miritini ndio pa kukata njia ya Dongo Kundu, unapita daraja la Mwache na lile refu la Mteza unatokea Kibundani, ushaiacha Likoni nyuma na feri hukuiona. Ukishaingia kisiwani umechelewa, kurudi Makupa na Changamwe na yale malori ni safari ingine. Sisi wa Kisauni na Nyali kuzunguka huko ni mbali lakini siku maji yamekupwa saa nne, mimi naona heri kuzunguka.

Na wale vijana wanaokuja dirishani "bosi toa mia mbili nikuingize mbele", jamani msiwape. Nilimwona mmoja katoa, gari likaingizwa kwa ubavu, wenye foleni wakafunga njia, ikawa hapiti yeye wala sisi dakika ishirini.

Sasa ombi langu Mhariri. Kila Ramadhani mnachapisha saa za futari na daku, na tunazikata tunabandika kwa friji. Wiki ya Idd na wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya, tuwekeeni pembeni pale saa za maji kupwa na kujaa Kilindini, bandarini hapa Mombasa, siku kwa siku, zipo kwenye jedwali zinajulikana mwaka mzima mapema, hazihitaji mwandishi kwenda popote. Mstari mmoja chini useme watu wa Diani mnaotoka bara kateni Miritini. Basi. Mtu akiona kupwa ni saa nne, atajua avuke saa kumi na mbili kabla ya swala akaswali huko huko Msambweni, ama apumzike avuke baada ya adhuhuri maji yakianza kupanda.

Na mkichapisha, msisahau kuwaambia watu washuke garini wavuke wamesimama, toka ile gari iliyorudi nyuma ikatumbukia baharini kutoka feri ya MV Harambee Septemba 2019, mama na mtoto wake ndani, mimi wangu nawashusha wote hata kama wananung'unika kuhusu nguo za Idd.

Mke wangu anasema mwaka huu biriani itapikwa na mamkwe, sisi tubebe mkate wa sinia.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa